Shali Iliyofumuliwa Mbele ya Watu

Wakati ule ninaotaka kuwasimulia, juu ya kilima hiki cha Kishamari hapakuwa na mtu aliyempelekea mwenzake kitu kilichofungwa. Mgeni akifika na mzigo aliutua kabla ya kukanyaga kizingiti, akaufungua mwenyewe, akakung'uta kila alichobeba, ndipo akakaribishwa. Hata mwanamke mwenye mtoto mgongoni alilegeza mbeleko angali uani. Fundo lilikuwa kitu cha kuogopwa. Watu waliamini kwamba mwenye nia mbaya hana haja ya kumgusa mtu. Humfungia tu kitu mahali, akaenda zake.

Kwa hiyo aliyefiwa alipelekewa vile ambavyo jicho linaviona mpaka ndani: mahindi yaliyopukuchuliwa, kuni, maziwa katika kibuyu kisicho na kifuniko. Watu walitoa pole wakiwa wamesimama, wakarudi makwao. Aliyekaa sana kwenye nyumba ya msiba aliulizwa ana shughuli gani pale. Sisemi walikuwa watu wabaya, wanangu. Walikuwa wakipendana kwa mbali, kila mmoja akiitazama mikono ya mwenzake.

Ndipo Mwadime, kijana wa ukoo uliokaa karibu na chemchemi, alipoteremka nchi ya chini kuuza asali na kurudi na mke. Jina lake mke huyo lilikuwa Nakiete. Alikuja na chungu, kikapu cha pamba, na kijiti chembamba cha mfupa, kirefu kama kiganja, ambacho kichwa chake kilichongwa kikawa na kulabu ndogo. Mama mkwe wake, Malemba, alipokiona aliuliza ni cha nini. Nakiete hakuwa bado ameijua lugha ya kilimani sawasawa, kwa hiyo akaonyesha kwa vidole: kitanzi, na ndani yake kitanzi kingine, na ndani yake kingine tena. Malemba hakuendelea kuuliza. Vitanzi alivyovijua yeye vilikuwa vya kutegea kwale na sungura. Jioni alimwambia mwanawe kwamba kile kijiti afadhali kichomekwe kwenye paa, kikae huko.

Kikachomekwa, kikakaa. Nakiete alilima, akazaa mtoto wa kiume, na watu wakamzoea kiasi cha kumsalimia njiani. Hawakumzoea kiasi cha kumwachia watoto wao.

Mwadime alikuwa na dada aliyeitwa Mshai, ambaye aliolewa hapo hapo kilimani, ng'ambo ya kijito. Mshai alikuwa na binti mmoja, Wawuda, mtoto wa maneno mengi ambaye alikuwa akija kwa bibi yake Malemba kila siku bila kutumwa. Msimu mmoja wa ukungu mtoto huyo alishikwa na kikohozi, kikamwondoa.

Kwenye maziko Nakiete alisimama nyuma ya wanawake wote, na hakulia. Walioinamisha nyuso kwa kilio walimwona kupitia katikati ya vidole vyao. Hawakusema lolote siku ile. Waliliweka tu moyoni.

Halafu vikafuata vitu vingine. Ilikuwa desturi nguo ya mtoto aliyefariki kutupwa kwenye kichaka cha mpakani, na mtu asiisogelee tena. Nguo ya Wawuda ilikuwa ndogo, imetiwa rangi nyekundu ya magome. Jirani wa Mshai, mwanamke aliyeitwa Mkawasi, alikwenda kuokota kuni upande ule, akamwona Nakiete ameinama kwenye kichaka na ufito mkononi. Aliivuta ile nguo mpaka ikamfikia, akaikunja, akaibana kwapani, akaondoka bila kutazama nyuma. Mkawasi aliziacha kuni pale pale, akarudi. Alimwambia mtu mmoja tu. Ng'ombe hawajarudi zizini, kilima kizima kilikuwa kimejua.

Kile kijiti cha mfupa nacho kikatoweka kwenye paa. Nakiete akawa anajifungia katika ghala mchana, mlango umesukumwa mpaka mwisho. Malemba alitega sikio ukutani. Ndani alisikia kunong'ona kwa lugha ya nchi ya chini, maneno yale yale machache yakirudiwa, yakikoma, yakianza tena tangu mwanzo. Alipokohoa, kunong'ona kulikatika, na akasikia kitu kikisukumwa chini ya kikapu.

Alimwambia Mwadime amuulize mkewe. Mwadime aliuliza, na jibu alilopewa ni kwamba kuna kitu kinatengenezwa kwa ajili ya wifi, kikiisha atakiona. Alidhani jibu hilo lingemtuliza mama yake. Tangu hapo Malemba akawa anamchukua mjukuu wake kulala naye.

Siku kitu kile kilipokwisha, Nakiete alivuka kijito akiwa amekibeba juu ya viganja viwili, mchana kweupe. Ilikuwa shali ya pamba, nyeupe, yenye vitundu vingi kama sega la asali. Kilimani haikuwahi kuonekana nguo ya namna ile. Alimkuta Mshai amelala sakafuni ameelekea ukutani, kama alivyokuwa amelala tangu maziko, hali chakula vizuri, hasemi na mtu, hata na mumewe. Nakiete alimwinua, akamfunika mabega, akasema, "Pole, wifi." Kisha akaondoka, kwa kuwa alikuwa ameona kwamba huku kwetu watu hawakai.

Mshai hakuikataa. Alikuwa na baridi, na shali ilikuwa laini. Alilala nayo. Kulipokucha mwili wake ulikuwa unawaka, meno yanagongana. Mkawasi alipoingia kumjulia hali na kuona alichojifunika, aliivuta shali kwa ufito akaitupa nje. Kufikia jioni homa ilikuwa imeshuka.

Mtu angeweza kusema kwamba mwanamke asiyekula, anayelala kwenye sakafu yenye unyevu msimu wa ukungu, homa ni lazima impate. Hakuna aliyesema hivyo. Yote waliyokuwa wameyaweka tangu siku ya maziko yalitolewa yakapangwa pamoja, na yakapangika vizuri mno.

Wakamwita Nakiete kwenye uwanja wa mzee Maghanga, aliyekuwa mwamuzi wa kilima. Sheria yenyewe ilikuwa inajulikana. Aliyeonekana amemfungia mwenzake kitu alirudishwa alikotoka, na alichozaa kilibaki kwa baba yake. Nakiete alifika amebeba mtoto. Malemba akamfuata pale pale uwanjani, akamtoa mtoto mgongoni mwake, akaenda kukaa naye upande wa pili. Mwadime alisimama katikati, hajui aelekee wapi, mwisho akaketi karibu na mama yake. Shali ilikuwa imeletwa ikining'inia kwenye ncha ya ufito, ikatupwa chini, na watu wakaizunguka kwa mbali kama wanavyomzunguka nyoka ambaye hawana hakika kama amekufa.

Mzee Maghanga alikuwa mtu wa kuuliza polepole. Alimuuliza Nakiete kama kweli alichukua nguo ya marehemu kichakani.

"Nilichukua, baba," akajibu.

"Iko wapi sasa?"

Nakiete aliitazama shali.

Uwanja ulichafuka. Waliokuwa wameketi walisimama, na waliokuwa karibu na ile shali walirudi nyuma. Mkawasi alisema kwamba hakuna haja ya kuuliza zaidi, ichomwe pale pale, na mwanamke ateremshwe kabla ya mvua. Wengi wakamuunga mkono. Lakini Maghanga alisema kwamba ikishachomwa hawatajua kamwe kilichokuwa ndani, na tangu siku hiyo wataanza kuogopa majivu. Akataka ifunguliwe. Basi wakaulizana nani ataifungua, maana kwa macho yao ile ilikuwa nguo yenye mafundo yasiyo na idadi, na kila fundo la kuogopwa peke yake.

Nakiete akasema, kwa lugha yake ya kuungaunga, kwamba ndani ya shali mna fundo moja tu, lile la mwisho pembeni. Yote mengine ni vitanzi, na kitanzi hakimshiki mtu. Fundo lile likifunguliwa na uzi ukavutwa, shali yote itakuja, haitabaki hata alama.

Maghanga alimtazama. Baadaye aliwaambia watu wake wa karibu kwamba hapo ndipo alipoanza kusitasita, kwa sababu hakuwa amewahi kusikia mtu anayeficha kitu ndani ya nyumba isiyo na komeo. Siku ile hakusema hivyo. Aliuliza tu nani atavuta.

Watu walitazama chini. Ndipo Mshai, ambaye aliletwa akiwa ameegemea bega la mumewe, aliposema neno lake la kwanza tangu maziko.

"Nitavuta mimi. Nilifungiwa mimi."

Alipiga magoti mbele ya shali. Akalitafuta lile fundo kwa muda, akalifungua kwa kucha. Akavuta. Kitanzi cha kwanza kikafunguka, kikafuata cha pili, kisha safu nzima ikaanza kumwagika, na uzi ukalala mapajani mwake kwa mikunjo midogo midogo. Watu walinyoosha shingo. Kila safu iliyokwisha bila kitu kuonekana, wengine walipumua, na wengine wakazidi kuwa na hakika kwamba kilichomo kimewekwa ndani zaidi.

Alipofika katikati, sehemu inayokaa mabegani, uzi mwekundu ulitokea. Ulikuwa umelazwa ndani ya safu, na vitanzi vyeupe vimefumwa juu yake pande zote, ndiyo maana hakuna jicho lililokuwa limeuona. Mshai aliushika. Aliujua kabla ya kuutazama vizuri. Aliutoa wote, taratibu, usikatike, akauzungushia kidole.

Mkawasi akasema, "Mmeona wenyewe."

Maghanga aliinua mkono watu wanyamaze. Akamwambia Nakiete kwamba huu ndio wakati wake wa kusema, na aseme yote.

Nakiete alisema kwamba kwao, nchi ya chini, mama aliyefiwa na mtoto hafunikwi na shali tupu. Nguo ya mtoto hufumuliwa, uzi wake ukafichwa katika shali ya mama, mahali ambapo mtoto alikuwa akiegemea alipobebwa. Mama haambiwi siku zile za mwanzo, maana kuuona kungemuumiza. Huambiwa baadaye, akishapata nguvu, kwamba siku zote zile alikuwa amejifunika naye. Akasema hata kulia kwao hufanywa ndani, mbele za watu hapana. Alidhani ni hivyo kila mahali.

"Kwa nini hukuniambia?" Mshai aliuliza.

"Maneno yenu yalikuwa hayanitoshi, wifi. Mikono ndiyo niliyokuwa nayo."

Watu walingoja. Baadhi waliona kwamba hapo Mshai angemkumbatia, na Mwadime alikwisha kuinuka nusu. Mshai hakumkumbatia mtu. Alikaa na rundo la uzi mapajani, akimtazama Nakiete kama anavyotazamwa mtu anayekuja njiani kukiwa na ukungu, ambaye hujajua bado ni wako au si wako.

"Sijui kama unasema kweli," alisema mwishowe. "Ifume tena. Uifumie mlangoni kwangu, mchana, niione mikono yako toka mwanzo mpaka mwisho. Na uzi huu wa mwanangu nitaushika mimi. Ukifika mahali pake, nikitaka nitakupa, nisipotaka sitakupa."

Maghanga akaamua iwe hivyo. Mtoto abaki kwa Malemba, aletwe kunyonya tu, mpaka shali ikamilike na Mshai aseme lake.

Kwa hiyo Nakiete akawa anavuka kijito kila asubuhi na kuketi mlangoni kwa wifi yake. Mshai aliketi mbele yake, magoti yakikaribia kugusana. Msidhani alikaa pale kwa kumpenda. Alikaa kulinda. Donge la uzi alilishika mwenyewe, akiuachia kidogo kidogo, ili pasiingie uzi ambao hakuupitisha vidoleni mwake. Mkawasi alipita na mtungi wake kwenda kuchota maji, akapita tena akirudi, na mtungi wenyewe mara nyingine ulikuwa mtupu kwenda na kurudi. Malemba alileta mtoto, akasimama mpaka aliposhiba, akamchukua.

Siku za mwanzo hawakuzungumza. Lakini mlinzi hawezi kulala akielekea ukutani, na mlinzi mwenye njaa macho yake hufanya kiza. Mshai akaanza kuamka mapema, akanawa uso, akala. Mumewe aliona hayo na hakusema kitu, asije akayavunja.

Kisha ikaja siku Mshai alipochoshwa na ule mnong'ono. Aliuliza ni maneno gani yale yanayorudiwa. Nakiete akamwonyesha, akigusa kitanzi kimoja kimoja kwa ncha ya kijiti: ilikuwa kuhesabu tu. Akikosea, safu inapinda, kwa hiyo hurudi mwanzo. Mshai hakumwamini. Akamtaka amfundishe hesabu hiyo, kisha akawa anahesabu naye kimoyomoyo, na siku moja akamkatiza akamwambia ameruka kimoja. Nakiete alitazama. Kweli alikuwa ameruka. Akafumua, akarudia, na kwa mara ya kwanza Mshai alikaribia kutabasamu, furaha ya mtu aliyemkamata mwenzake.

Walipofika mahali pa mabega, Nakiete alisimamisha mkono, akasubiri. Mshai aliutazama uzi mwekundu uliokuwa kidoleni mwake tangu siku ya uwanja, akatikisa kichwa. Akamwambia afume safu nyeupe. Safu ilipokwisha akamwambia aifumue. Ikawa hivyo kesho yake pia, na kesho kutwa. Nakiete alifuma na kufumua bila kunung'unika, na watu waliopita walianza kusema kwamba huyu mgeni ama hana hatia ama ni hodari kuliko walivyodhani.

Katika siku hizo za kufuma na kufumua ndipo Mshai alipolitaja jina la Wawuda. Alianza kwa kumtega. Alimuuliza Nakiete mtoto alikuwa akipenda nini alipokuja kwa bibi yake, aone kama mwanamke huyu alimjua kweli au aliitaka nguo yake tu. Nakiete akasema alipenda kukwangua ukoko wa chungu, na alikuwa akimsahihisha yeye Nakiete matamshi. Akasema neno "ukungu" alifundishwa na Wawuda, maana kwao hakuna ukungu, na mtoto alimcheka mpaka akakaa chini. Mshai alikuwa hajui habari hiyo. Aliuliza ilikuwa lini. Aliuliza alichekaje. Akaanza kusimulia yake, na akalia, na Nakiete pale mlangoni, mbele ya watu wanaopita, akalia naye, mkono mmoja ukiwa umeshika kitanzi kisimponyoke.

Siku ile Mshai aliufungua ule uzi kidoleni, akautoa. Aliusimamia ukilazwa, akagusa kila kitanzi kilichoupita juu.

Shali ilipobakiza kitanzi kimoja, Nakiete alimpa wifi yake kijiti. "Funga wewe," alimwambia, "usije ukasema siku moja kwamba nilikufungia kitu." Mshai alikata uzi, akapitisha ncha yake katika kitanzi cha mwisho, akavuta mpaka kikakaza. Akajifunika. Akamtuma mumewe kwa Malemba kusema kwamba mtoto arudishwe kwa mama yake.

Hakuna aliyemsikia Mshai akiomba radhi, na sidhani kama aliomba. Mkawasi naye hakubadilisha maneno yake; aliendelea kusema kwamba mtu anayejua kuficha uzi ndani ya uzi si wa kumwachia mlango wazi. Lakini mumewe Mkawasi alipofariki, na nyumba yake ikajaa mahindi na kuni na watu waliosimama wakaondoka, alikaa akisikiliza ule ukimya mpaka ukamshinda. Akatuma mtu avuke kijito. Ujumbe wake ulikuwa wa ukali. Aje Nakiete, na asije na kitu kilichokwisha tengenezwa. Aje na uzi mtupu, akae mahali pa mwanga, afume akionekana. Mshai alipopata habari alisema atakwenda naye, maana macho mawili hayatoshi. Wakakaa huko watatu, siku nyingi, wakichunguzana mikono.

Na tangu siku hiyo, huku Kishamari, hatupeleki zawadi ya kufuma ikiwa imekwisha. Anayefiwa, au aliyepoteza mimba, au ambaye mtoto wake ameondoka asirudi, tunamwendea na uzi mtupu, tunaketi mlangoni pake mchana, tunaanza kitanzi cha kwanza mbele yake. Donge la uzi hulishika yeye. Akisema fumua, tunafumua, hata kama ni mara kumi. Kitanzi cha mwisho hukaza yeye mwenyewe.

Nyinyi mliokuja kuolewa huku mmesikia wakisema desturi hii ililetwa na upendo. Mimi sisemi hivyo. Ililetwa na wanawake walioogopana, na hofu hiyo bado tunayo kidogo. Mtaiona machoni pa mtakayemfariji, atakavyovifuata vidole vyenu. Msiudhike. Mwacheni aangalie. Ninyi kazi yenu ni kufuma polepole.